Mihogo Niliyolowesha Chemchemini

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, ukungu umelala bondeni na ngurumo ya maporomoko inasikika kwa mbali, laini, kama usingizini. Ilikuwa miaka ya hamsini, mji wetu ukiitwa bado Stanleyville. Nilikuwa bibi arusi wa miezi miwili, nimetoka Kasongo na kiburi changu chote.

Mtaa ulikuwa unakua mbio, kila wiki nyumba mpya. Robineti yetu moja, bomba la mtaa mzima, ilikauka, tukabaki na chemchemi ndogo kule bondeni. Desturi ilikuwa kuteka kwa kibuyu safi, kisha kungoja maji yapande tena. Mimi nilicheka. Mtu anaishi kando ya mto mkubwa namna hii, anaogopa nini? Sikujali kwamba mto ulikuwa mbali, na maji yake yaliumiza watoto tumbo.

Basi asubuhi hiyo nilikuwa na kikapu cha mihogo michungu ya kulowesha ili sumu itoke. Nikaona uvivu kuibeba mpaka kijito cha chini, nikaitumbukiza chemchemini na kikapu chake, nikaifunika majani. Siku ya tatu maji yote yalinuka.

Na siku hiyo hiyo jirani yetu, Mama Feza, alijifungua, na kwake hapakuwa na maji hata ya kunywa. Tulishuka bondeni mimi na mama mkwe. Akafunua majani, akaona kikapu changu. Hakunigombeza. Alijaza kibuyu, akanipa.

"Bon, haya. Umupelekee Mama Feza. Umuambie ni maji ya kunywa."

"Mama, siwezi. Inanuka."

"Kumbe unajua."

Nililia, mwanangu, sikufichi. Nikatoa mihogo, nikakomba maji yale mpaka mchanga, kisha nikaenda kuomba mtaa wa pili, kwa watu nisiowajua. Waliniuliza kwenu kumetokea nini. Nikawaambia ukweli, wakanipa ndoo moja. Siku nne, hadi chemchemi ikatakata, nilimtekea mzazi yule hivyo hivyo, kwa miguu na kwa aibu.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilibahatika kufunzwa na mama wa mume wangu. Leo mji umejaa kuliko zamani, nanyi bado mnajivunia mto. Ukubwa wa mto haumnyweshi mtu mwenye kikombe kitupu. Teka kwa kiasi, ngoja yapande, uchafu wako upeleke chini ya pale wanapoteka wanaokunywa. Na kabla hujatia mkono majini, jiulize nani atakunywa baada yako.

Mungu akujalie maji matamu karibu na mlango wako, na moyo wa kumbakizia jirani.