Kitanda cha Ogu

Fundi hapa Makutano anakata vyuma vya kitanda cha mwanangu, na harufu ya chuma kilichopata moto inanirudisha Kiirua, uani kwa nyanya, maharagwe yakikauka kwenye turubai.

Kanisani tulikuwa tumesomewa habari za Ogu, mfalme wa Bashani aliyepigana na Musa, mwenye kitanda cha chuma cha dhiraa tisa. Nikakipima ardhini, kiwiko hadi ncha ya kidole. Kikazidi cha baba kidogo tu.

Nyanya akacheka. "Umempima na mkono wa mtoto! Ukimpunguza Ogu, unampunguza Mungu aliyemshinda."

Akapiga magoti, akapima kwa mkono wake uliozoea jembe, akapita turubai lote, akafika mlangoni pa zizi la ng'ombe.

"Sasa lala pale mwanzo."

Nikalala. Nilipoinua kichwa, gambuti zake zilikuwa mbali kabisa, ng'ambo ya maharagwe.

"Musa aliogopa?" nikauliza.

"Aliambiwa asiogope. Mtu huambiwa hivyo kama haogopi?"

Kisha akanyoosha mkono juu ya nafasi yote iliyokuwa kati yetu.

"Na ona, mwenyewe hayuko. Kimebaki kitanda."