Mwalimu Musimbi na Somo la Ubatizo

Kwa miaka kumi na tisa Mwalimu Musimbi alikuwa amefundisha somo la dini ya Kikristo katika shule ya msingi iliyo upande wa Iguhu. Kila mada ya ubatizo ilipofika, alibeba vifaa vyake kutoka nyumbani kwake Shieywe: beseni, mshumaa, kichupa cha mafuta na shuka jeupe. Hakuamini kwamba mtoto anaweza kuelewa alama kwa kuinakili tu ubaoni.

Jumanne hiyo alianza na maji. Aliwaita watoto wa gredi ya tano mbele, wakachovya mikono mmoja mmoja, kisha akawauliza maji hufanya kazi gani.

Huosha, wakasema. Huondoa kiu. Huotesha mahindi. Elvis, aliyekuwa wa mwisho, akasema kwa sauti ndogo kwamba maji yalimuua binamu yake mtoni.

Musimbi hakulikimbia jibu hilo. Alimpa Elvis pole, ndipo akaeleza kwamba hata kifo kimo katika ubatizo: anayezama majini huonyesha kwamba maisha yake ya zamani yamezikwa, na akiibuka ameanza mapya. Akawasha mshumaa, akasema huo ni mwanga wa Kristo, anaopewa mtu autunze. Mafuta ni alama ya Roho Mtakatifu, na nguo nyeupe ni moyo uliosafishwa. Kuna makanisa yanayotumia alama zote hizo, mengine maji peke yake. Kuna wanaonyunyiziwa wakiwa wachanga na wanaozamishwa wakiwa na akili zao.

Kemunto, msichana asiyependa jambo libaki nusu, akainua mkono.

"Mwalimu, wewe ulinyunyiziwa ama ulizamishwa?"

Miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyewahi kumuuliza. Musimbi alizaliwa na kulelewa katika kanisa la Friends, ambako watu hawabatizwi kwa maji. Huamini kwamba Roho ndiye anayembatiza mtu, tena moyoni. Angeweza kulikwepa swali, amwambie Kemunto afungue kitabu.

"Mimi sijabatizwa kwa maji," akasema, na akawaeleza sababu.

"Kwa hivyo unatufundishanga kitu hujafanya?"

"Ndiyo. Nawafundisha wanachoamini Wakristo wengi, na ninakiheshimu."

Asubuhi iliyofuata babake Kemunto, seremala na mzee wa kanisa la Kipentekoste, alikuwa ameketi katika ofisi ya mwalimu mkuu. Musimbi akaitwa. Yule baba hakupandisha sauti.

"Madam, sina ubaya na wewe. Lakini huyu mtoto anabatizwa mwezi ujao. Nataka afundishwe na mtu anayejua."

Musimbi alihisi uso ukipata joto. Alitaka kumwambia ni vitabu vingapi amesoma kuhusu jambo hilo. Badala yake akasema:

"Basi njoo unisaidie, Baba Kemunto. Maana ya maji naweza kuwaeleza. Vile mtu anasikia akiwa ndani yake, siwezi."

Alhamisi yule baba akaja, amevaa shati lililopigwa pasi. Mbele ya watoto arobaini akatia mikono mfukoni. Akawasimulia jinsi alivyobatizwa katika mto Isiukhu akiwa na miaka ishirini na minane, baada ya kupoteza miaka mingi kwa pombe. Hakujua kuogelea. Pasta alipomshika kisogo, yeye alimng'ang'ania shati.

"Akaniambia niachilie. Nikaachilia."

"Na yeye akakuachilia?" Elvis akauliza.

"Hapana. Yeye hakuniachilia hata kidogo."

Elvis akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa akingoja kulisikia hilo.

Walipotoka nje, yule baba alisimama kando ya Musimbi kivulini.

"Bado sijaelewa hilo kanisa lenu," akasema.

"Nami sikutarajia uelewe kwa siku moja."

Akacheka. Kisha akamwambia tarehe na mahali ambapo Kemunto angebatizwa, na kwamba mtoto mwenyewe ameomba mwalimu wake awepo.

Jumapili ya ubatizo huo Musimbi hakwenda kanisani kwao. Alisimama kando ya mto, kwenye nyasi zenye umande, pamoja na akina mama, akamwona Kemunto akiteremka majini bila kugeuka nyuma, akizamishwa, akiibuka huku akikohoa na meno yakigongana. Watu wakaimba. Musimbi naye akaimba, kwa maana wimbo aliujua, na machozi yalipomtoka hakujisumbua kuyaficha.

Mama mmoja akamsogelea. "Na wewe madam, utaingia lini?"

"Mimi hapa nilipo nimetosheka, mama."

Yule mama akamtazama, akafungua chupa ya chai, akammiminia kikombe cha kwanza.