Kijiko cha Shubiri

Kuku wa kwanza niliyempa dawa nilimuua mwenyewe, na nilimuua kwa sababu sikutaka hata tone moja limwagike. Nilimbana kwapani, nikamfungua mdomo, nikammiminia kijiko kizima cha maji ya shubiri, kisha nikaushika mdomo kwa vidole usifunguke mpaka ameze. Akapiga mabawa, akalegea. Nikadhani dawa imemtuliza. Mama, aliyekuwa akipepeta mtama karibu yangu, aliinua macho akasema, "Huyo umemzamisha."

Ulikuwa mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa. Tembe letu upande wa Mtinko tuliliacha lina paa lake, tukapanda lori pamoja na vyungu, mbuzi na kuku waliofungwa miguu. Kule tulikotoka, jirani ulimwita kwa kupiga kelele. Hapa nyumba zilipangwa mstari mmoja, na kuku wa nyumba zote walichakura jalala moja. Kabla mvua hazijaanza, mdondo ukaingia. Kuku anajikunyata, anaharisha kijani, shingo inapinda, halafu anakufa.

Kwetu kuku hao walikuwa na kazi yao. Dada yangu, aliyeolewa Iguguno, alikuwa amekuja kujifungulia nyumbani. Mimba yake ya kwanza aliizalia ukweni wakati wa njaa. Alikunywa uji mtupu, maziwa yakakataa kutoka, na mtoto hakudumu. Mama aliamini kabisa kwamba kilichomuua mjukuu wake ni supu iliyokosekana. Safari hii alitenga mitetea wake wote kwa ajili ya uzazi. Hata katibu wa kijiji alipokuja kula kwetu alipewa ugali na mlenda.

"Na wale wanaotembea pale nje?" katibu aliuliza, anacheka.

"Wale wana mwenyewe," mama alisema. "Bado hajazaa."

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kuendelea. Tangu majina yasomwe nilikuwa na hofu ya kukosea ambayo haikuniacha hata nikitandika kitanda. Nilitaka nifanye jambo moja, liwe dogo tu, lisiwe na kosa ndani yake. Kwa hiyo yule kuku niliyemzamisha sikumtupa. Nilimpasua shingo. Nikakuta njia mbili: moja laini, inayoshuka kwenye gole, kile kifuko cha chakula, na nyingine ngumu, yenye pete pete, ambayo tundu lake liko nyuma tu ya ulimi. Niliingiza bua jembamba huku na huku mpaka nikaelewa kwamba hiyo ngumu ni ya pumzi. Dawa inatakiwa ipitie pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo, na mdomo uachwe huru kuku ameze mwenyewe. Nilijizoeza kwa maji matupu. Hata nikienda kisimani mkono wangu ulikuwa ukirudia mwendo ule wa kijiko, na watu wakaniuliza kama naumwa kiwiko.

Jirani yetu, mama mmoja mwenye sauti ya kusikika mstari mzima, ndiye aliyeanza kuniita.

"Daktari! Njoo umwone jogoo wangu, anayumba kama ametoka kilabuni."

Nilimnywesha asubuhi na jioni. Jogoo akapona. Shingo ilibaki imepinda, lakini akawika.

"Sasa nikulipe nini?" aliniuliza. "Nikuoze?"

"Unioze nani, mama?"

"Si huyo mtetea mweupe! Mnaelewana."

Watu walicheka, na mimi nikacheka, ila moyoni kazi hiyo ya udaktari niliichukulia kwa uzito mkubwa. Kesho yake niliitwa nyumba ya tatu, kisha ya tano. Nikawa natoka na bakuli langu la shubiri na pilipili, nakwenda mlango kwa mlango. Nilianza na waliozidiwa, kwa kuwa niliona hao hawawezi kusubiri. Kisha wenye dalili. Kisha wazima, wasije wakapatwa. Sikumruka kuku hata mmoja. Kumruka kungenikosesha raha siku nzima. Kijiko kilikuwa kile kile. Mikono nilifutia kaptula. Wa mwisho kabisa, nikisharudi nyumbani, niliwanywesha mitetea wa mama, na hao niliwashika kwa uangalifu kuliko wengine wote.

Mwisho wa mstari alikaa mzee mmoja ambaye kuku wake alikuwa akiwafunga kamba nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hicho kijiko kinatoka wapi?"

"Kwa jirani yetu, mzee. Kuku wake wanaumwa sana."

"Basi kirudishe huko huko. Wangu hawaumwi."

Nilirudi nimenuna. Dada alikuwa ameketi mkekani, tumbo limemlemea, akacheka mpaka akashika kiuno. "Daktari kafukuzwa! Pole, mdogo wangu." Nami nikamwambia yule mzee ni mshamba, atajuta.

Mitetea wa mama walianza kujikunyata siku chache baadaye. Nikaongeza pilipili. Nikaongeza shubiri. Niliwanywesha bila kuwakohoza, ufundi wangu ukiwa umekamilika, wakafa wote. Mama aliwazika mbali na nyumba. Mstari mzima ukawa kimya. Hata yule jogoo wa shingo iliyopinda hakuwa na mwenzake wa kumjibu, na siku moja naye hatukumsikia.

Dada akajifungua mtoto wa kike. Alipoteza damu nyingi, na maziwa yakawa hayatoki. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia, akanyonya tena. Dada alimtazama tu. Hakulia, na hilo ndilo lililomtisha mama.

Mama alijifunga kanga, akaniambia nimfuate. Tukapita nyumba hadi nyumba tukiomba kuku mmoja. Yule jirani wa utani alisimama mlangoni, mikono imening'inia. "Ningekuwa naye, ningekunyima kweli, jirani yangu?" Hakuniita daktari. Nyumba zote nilizokuwa nimeingia zilikuwa na tenga tupu mlangoni. Tulipofika mwisho wa mstari, kuku wa yule mzee walikuwa wakichakura, kamba miguuni, wazima.

Nilisimama nikageuka kutazama tulikotoka, nikaelewa. Hakuna aliyenieleza. Ningeweza kuonyesha kwa kidole milango yote niliyoipitia nikiubeba ugonjwa ule.

Mzee alimsikiliza mama hadi mwisho. Akafungua kamba ya mtetea mkubwa, akamkabidhi.

"Chukua, mwanangu. Mzazi anywe. Ila kijana wako asimshike."

"Asante, baba," mama alisema. Hakuuliza kwa nini. Nilitamani aulize, ili nijue kama alikuwa anajua. Alimbeba kuku yule mwenyewe njia yote, na mimi nilitembea hatua kadhaa nyuma yao.

Dada alikunywa supu. Maziwa yalikuja, kama ni supu au siku za maziwa kutoka zilikuwa zimefika tu, sijui. Siku moja alipokuwa ananyonyesha nilimwambia ukweli, kwamba kuku wake niliwamaliza mimi, na wa kijiji kizima pia. Alimhamishia mtoto kwenye titi la pili.

"Ulitaka kusaidia," alisema, kisha akajifunika kanga, akanigeuzia mgongo taratibu ili asimwamshe mtoto.

Sasa mtoto yule anatembea. Mama amepata vifaranga wengine, akiona mmoja ameinama anamtenga na kumwekea maji yake peke yake, wala haniiti. Dada, aliyerudi kwa mumewe, ni mjamzito tena, na ametuma salamu kwamba safari hii atajifungulia huko huko Iguguno.