Insulini ya Masika

Kila asubuhi nilianza siku kwa kupika mkojo wangu. Nasema kupika kwa sababu ndivyo mama mkwe alivyokuwa akisema, tena mbele ya wageni: "Ngojeni bi harusi amalize kupika mkojo wake, ndipo tupate chai." Nilikuwa na kichupa chembamba cha kioo nilichopewa hospitali. Unatia humo dawa ya maji ya bluu, unadondosha matone manane ya mkojo, unakishika kwa kibanio cha mti juu ya moto wa kibatari mpaka kichemke. Kisha unaangalia rangi. Ikibaki bluu, sukari haimo. Kijani, imo kidogo. Njano, mambo yanaharibika. Ikigeuka nyekundu kama udongo wetu wa Karatu, hapo mwili umejaa sukari na huna raha tena siku hiyo.

Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni, wakati sukari ya dukani yenyewe ilikuwa haionekani. Ikifika duka la kijiji tulipanga foleni tangu alfajiri, na kila kaya ilipimiwa kilo yake, wa mwisho wakarudi mikono mitupu. Majirani walinitania: "Nchi nzima inalilia sukari, kumbe wewe ndiye umeificha mwilini." Nilicheka nao. Ugonjwa wangu sikuuficha, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na mdomo wangu mimi haujawahi kuwa na breki. Aliyenichokoza nilimrudishia papo hapo.

Kitu kimoja tu ndicho sikuweza kukifanyia utani. Nilikuwa nimeolewa miaka sita na bado naitwa bi harusi. Kwetu mwanamke akishazaa jina lake linakufa, anaitwa mama fulani, na wenzangu wote niliosoma nao walikuwa mama fulani. Mimi mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Sasa nilikuwa na ya tatu, nayo ilikuwa imevuka pale zile mbili zilipoishia, mtoto anacheza tumboni mpaka nguo inatikisika. Daktari wa hospitali ya misheni alinishika mkono akaniambia: "Mama, mtoto huyu anategemea rangi. Bluu au kijani, utampata. Ukiona nyekundu siku mbili mfululizo, usingoje, njoo." Aliniita mama. Nilirudi nyumbani na neno hilo kama mtu aliyepewa zawadi.

Kwa hiyo nilijichunga. Ugali kiasi cha ngumi yangu. Mboga za majani, maharage, maziwa nusu kikombe. Pombe ya mtama ilipopikwa kwa ajili ya watu waliokuja kutusaidia kulima, mimi nilikunywa maji. Sindano yangu ya kioo niliichemsha kila asubuhi kwenye sufuria ndogo isiyopikiwa kitu kingine, na ncha ikianza kuwa butu niliinoa juu ya jiwe. Mpaka leo mapaja yangu yana mabonde ambayo wajukuu wa dada yangu hupenda kuyabonyeza.

Insulini yenyewe niliihifadhi kwenye mtungi uliofukiwa nusu ndani ya mchanga uliolowana, kwenye pembe ya chumba isiyopata jua. Karatu kuna baridi, mtungi ulitosha. Miaka yote ulitosha.

Mume wangu alikuwa mpishi katika hoteli moja ya watalii kule juu, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Alishuka na lori la wafanyakazi kila baada ya wiki mbili. Masika yalipokaribia alisafiri mpaka Arusha akaniletea chupa nne, kwa sababu barabara ya kushukia Mto wa Mbu ilikuwa udongo mtupu, na mvua ikikolea magari yalilala njiani siku tatu, nne. Akazipanga mezani moja moja. Akasema, "Hizi ni roho mbili, haziwezi kukaa mtungini kama togwa. Nitazipeleka hotelini, kule kuna friji." Nilifurahi. Hata nesi alikuwa amesema friji ndiyo bora. Tukabakiza moja mtungini, tatu zikapanda naye.

Alipoleta ya pili aliileta ndani ya chupa ya chai, amefunga mfuniko kwa kitambaa. Niliishika, ikawa baridi mpaka inauma vidole. Nilimsifu mbele ya mama yake na mbele ya jirani aliyekuja kuomba moto. Nilisema, "Mume wa kunitunza ninaye." Akainamisha kichwa, anacheka peke yake.

Dawa yangu ilikuwa nyeupe, mithili ya maziwa yaliyotiwa maji. Asubuhi ya kuianza ile chupa ya pili niliizungusha mkononi kama nilivyofundishwa, nikaona vipande vinaelea, kama maziwa yaliyokatika. Nikaizungusha tena. Vipande vikabaki. Nikajiambia ni baridi tu, vitayeyuka mwilini. Nilivuta, nikachoma. Niliona kwa macho yangu mawili na bado nikachoma, hilo sitamsingizia mtu.

Siku ya pili rangi ilikuwa ya njano. Siku ya tatu ikawa nyekundu.

Nilipunguza ugali ukawa nusu. Nyekundu. Niliacha ugali kabisa nikala mchicha na maji yake. Nyekundu. Kiu ikanishika, nikawa nakunywa maji ya ndoo nzima na kutoka nje kila mara, tumbo mbele, mvua inaninyeshea, narudi nimelowa. Niliongeza dawa kidogo, nikaogopa, nikaongeza tena. Nilikoroga vile vipande nikavichoma mwilini mwangu, na kila asubuhi nilikaa mbele ya kibatari nikiomba kwa sauti, nikisema Bwana, kijani tu, sikuombi bluu. Dawa inachemka, inapita kijani, inapita njano, inasimama palepale pekundu.

Mama mkwe alikuwa akitazama. Yeye rangi alikuwa ameshajifunza kuliko hata mimi. Siku ya nne akachukua kopo la sukari ya mgao na kibuyu cha asali, akavifungia kwenye sanduku lake la nguo, ufunguo akauvaa shingoni. Kisha akasimama mlangoni akaniuliza kwa Kiiraqw, polepole, kwa sababu hasira yake ilikuwa ya polepole: "Unakula wapi?"

Nilimwambia sili kitu.

"Mkojo hausemi uongo. Unakula kwa nani? Unamla mtoto wa mwanangu."

Nilimjibu vibaya. Maneno niliyomwambia siku ile siyaandiki, na ninamwomba Mungu anisamehe. Aliondoka, na tangu hapo akawa anawaambia watu kisimani kwamba mkwewe ana tamaa, anashindwa kufunga mdomo hata kwa ajili ya damu yake mwenyewe. Ndiyo, mdomo nilikuwa siufungi, lakini si kwa chakula. Nilikuwa na njaa mpaka naota ugali.

Kwenda hospitali kulikuwa maili sita za matope, na mto katikati umejaa. Nilijaribu siku ya tano, nikageuka kabla ya kufika mtoni kwa sababu miguu ilikataa. Siku ya sita nilianza kutapika. Pumzi yangu ikawa na harufu ya matunda yaliyochacha, mwenyewe naisikia. Na mtoto, ambaye alikuwa ananipiga mateke kila nikilala ubavu wa kushoto, nikalala ubavu wa kushoto na hakunipiga. Nikamngoja. Nikageuka, nikarudia tena. Nilibonyeza tumbo kwa vidole nikamwita. Sikumwita kwa jina, hatukuwa tumempa, nilimwita tu wewe, wewe.

Kwa haki niseme kwamba aliyeniokoa ni mama mkwe. Alinikuta sakafuni, akaenda mwenyewe kwenye matope kuita wanaume, wakanifunga kwenye kitanda cha kamba wakanibeba. Mtoni walinipitisha wakiwa wamenibeba juu ya vichwa, maji yakiwafika kifuani. Haya nilisimuliwa. Mimi nakumbuka mvua usoni tu.

Nilipoamka nilikuwa kwenye kitanda cha hospitali, dripu mkononi, tumbo limelala. Sikuuliza. Nesi alikuja akanieleza hata hivyo, kwamba alikuwa wa kiume, kwamba alikuwa ameshafariki kabla sijafika, kwamba wamemfunga vizuri kwenye kitenge. Nilimwomba niende nikamwone. Alisema ameshazikwa. Nililia kwa sauti mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akashuka akaja kunishika kichwa.

Mume wangu alifika siku hiyo hiyo. Habari zilikuwa zimempata kupitia dereva wa lori. Alikuwa ametembea sehemu kubwa ya njia, matope mpaka magotini, na kifuani amekumbatia ile chupa ya chai. Daktari alikuwa kitandani kwangu anapima mapigo. Mume wangu hakumsalimia hata, alifungua kitambaa akasema, "Nimeleta dawa yake, daktari. Hii ni mpya kabisa, haijaguswa."

Daktari aliichukua ile chupa ndogo akaitikisa sikioni, akaiinua dirishani. Hakikusogea kitu ndani. Ilikuwa barafu.

"Hii imeganda," alisema. "Ilikuwa wapi?"

"Kwenye friza," mume wangu akajibu, na bado alikuwa na sauti ya mtu anayesubiri kushukuriwa. "Pamoja na nyama. Kule kitu hakiharibiki hata miezi mitatu."

Daktari aliiweka chini. Alisema insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka ni maji tu. Alikuwa mgeni katika nchi yetu na Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kila neno lilisikika. Kisha akauliza, "Nani alisema iwekwe huko?"

Nilimwona mume wangu anaelewa. Uso wake ulibadilika taratibu, tangu kwenye midomo kwenda juu. Nilikuwa na mdomo unaojulikana tarafa nzima, na sababu ya kuufungua haijawahi kuwa kubwa kama siku ile. Lakini nilikuwa nampenda mtu yule, na alikuwa ametembea kwenye matope.

"Mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwagiza."

Nilikaa hospitali siku kumi. Kwetu zamani mwanamke aliyezaa mfu hakukaribiwa, watu walikaa mbali na nyumba yake mpaka muda upite. Tulikuwa Wakristo, tulisema tumeyaacha hayo, lakini niliporudi nyumbani hakuna aliyekuja kunipa pole. Mama mkwe peke yake ndiye aliyeleta uji. Alisimama nje ya kizingiti na bakuli mkononi, hakuniangalia. Alimwuliza mwanawe, "Daktari amesema nini kilimuua mtoto?"

"Amesema dawa iliharibika."

"Nani aliiharibu?"

Nilikuwa nimekaa kitandani, nimejifunga tumbo kwa kanga. Nikamtazama mume wangu. Kwa daktari nilisema vile kwa sababu daktari alikuwa mtu baki. Huyu alikuwa mama yake, ndiye aliyenitangaza kisimani kwamba nimemla mtoto, na neno moja tu la mwanawe lingetosha kunisafisha. Nilimngoja. Aliangalia mikono yake, akaigeuza, akaangalia viganja.

"Alimwambia daktari ni yeye," akasema.

Na kweli nilimwambia.