Nilirekebisha timezone, mambo ya Mzee Kioko yakazidi kuharibika

Wakuu, salamu kwenu nyote. Naandika nikiwa nimechoka, na chumvi sijaongeza hata punje.

Ni ile miaka ya kukwangua kadi za simu. Chama fulani cha wafugaji pande za Mitaboni kiliniita niangalie database yao.

Ripoti ilisema Mzee Kioko, mbebaji wao wa maziwa kwa baiskeli, anakaa njiani zaidi ya masaa matatu. Safari yenyewe ni dakika arobaini. Kamati ikaamua lazima husimama mtoni kuongeza maji, na Ijumaa wangemfukuza.

Nikafungua system. Mtambo wa kupoza maziwa, yanakofikishwa, ulikuwa unaweka timestamp za GMT, masaa matatu nyuma ya Kenya. Maziwa yamefika 7:40 asubuhi, screen inaonyesha 4:40. Nikacheka, kazi ndogo hii. Nikaweka saa za Kenya, nikaprint.

Sasa Kioko akawa anakaa njiani zaidi ya masaa sita!

Meneja akaniangalia. "Fundi, umemsaidia ama umemmaliza?"

Jamani, nilichoka mwili na roho. Kesho yake nikaketi tu ofisini, nikitazama watu wakifanya kazi.

Simu ikalia. Karani wa kituo cha kukusanyia maziwa anaripoti, "Kioko ametoka saa moja." Dada wa ofisini, mgeni kazini, akaandika 1:00. Vile alisikia.

Saa moja asubuhi, wakuu! 7:00! Ile GMT ilikuwa inaficha nusu ya kosa. Na hakuna aliyeshtuka, maana ripoti ilitoa muda wa njiani pekee.

Nikasahihisha. Dakika arobaini. Meneja akamwita mzee, akamwambia ni kosa la kompyuta.

Kioko hakukasirika. Hiyo ndiyo iliniuma.

"Kompyuta hainijui," akasema. "Lakini nyinyi mko na mimi hapa tangu mkiwa watoto. Nani alikuja kuniuliza?"

Akashusha mkebe wa chama, akauweka mlangoni, akapanda baiskeli akaenda. Asubuhi iliyofuata maziwa ya Mitaboni yaliharibikia kituoni. Hakukuwa na wa kuyabeba.

Funzo langu: kabla ya kugusa timezone, keti na anayeingiza data. Na kabla ya kuamini ripoti juu ya mtu, muulize mwenyewe. Kuuliza si ujinga.

Nani hapa amewahi kurekebisha kitu sawasawa na bado akachelewa? Semeni, nisijione peke yangu.