Mafuta Yasiyolia

Mwaka wa sitini na sita, aliyetaka kwenda kaskazini kutoka Isiolo alingoja msafara wa magari yenye askari, na msafara uliondoka ulipopenda. Ndivyo nilivyozoea benchi la Khadijo, au Mama Dualeh, mjane wa Kisomali aliyekaanga sambusa katika safu ya vibanda vya mtaa wa Wabera, karibu na msikiti. Nimekula sambusa Aden, Harar na Kampala. Sitasema zake zilizishinda hizo. Nilizikuta wakati mbaya, nyama kidogo, vitunguu vingi, na mpishi mwenyewe amechoka.

Maisha yake yote alikuwa amekaanga kwa samli ya ng'ombe. Ilitoka Sericho ndani ya vibuyu, kwa mkono wa mwanamke wa Kiborana aitwaye Qabale. Mmoja aliiita subag, mwenzake dhadha, na biashara ikaenda miaka mingi bila ugomvi. Kisha vita vya shifta vikafunga barabara. Watu wa Sericho wakakusanywa nyuma ya seng'enge pamoja na mifugo yao, ng'ombe wakafa kwa kukosa malisho, na samli ikakatika.

M'Ikiara, mwenye duka kutoka Meru, akamletea kopo kubwa lenye picha ya mahindi.

"Hii ni mafuta ya mahindi, Mama Dualeh."

"Mahindi gani iko na mafuta? Mimi nimetwanga mahindi tangu nikiwa msichana, hata tone moja sijaona."

"Inatoka kwa kile kiini ndani ya mbegu. Wanakamua na mashini."

"Si ya nguruwe?"

"Mama, siku hizi hata huyo nguruwe mwenyewe mafuta ataipata wapi?"

Akayachukua, kwa sababu hakukuwa na kingine. Ilikuwa Julai, asubuhi za baridi, wakati samli huganda hata ichotwe kwa kijiko. Mafuta haya yalibaki maji-maji. Hilo lilimtia shaka, lakini lililomponza lilikuwa jambo lingine.

Samli ya kienyeji hubaki na unyevu kidogo wa maziwa. Ikipata moto hulia na kutatarika. Unyevu ukiisha hunyamaza, na hapo ndipo sambusa hutiwa. Khadijo alipika kwa sikio. Aliweza kulipa karai mgongo, akabishana na wateja, na asiunguze hata moja. Mafuta ya mahindi hayana unyevu huo. Yalikaa kimya tangu mwanzo, naye akangoja yalie. Yakaanza kutoa moshi mwembamba, akadhani moto ni mdogo, akaongeza kuni. Yakawaka.

Racho, jirani muuza chai, akamwaga maji kwa nia njema. Maji yalizama chini ya mafuta, yakachemka mara moja, yakarusha moto hadi kwenye mikeka ya paa. Askari wakaja mbio wakidhani mji umevamiwa. Bahati nzuri hakuna aliyefyatua risasi. Khadijo alibaki na kovu refu mkononi, na Mzee Robow, msimamizi wa vibanda, akasema mbele ya watu wote:

"Khadijo, moto mwingine mmoja tu, unatoka hapa. Wallahi sitazika watu wa Wabera kwa sababu ya sambusa."

Mahali pengine hakuwa napo. Vibanda vipya vilikuwa vimekatazwa, na nyumbani walimngoja watu wa kulishwa.

Kwa hiyo nilimkuta akipika kwa macho, kazi iliyomchosha kuliko kuchota maji. Hakujaza karai zaidi ya nusu. Alidondosha kipande cha unga: kikizama kikalala, angoje; kikipanda na povu, atie sambusa; moshi ukionekana, atoe kuni. Sambusa mbichi alizifuta unyevu kwanza. Mfuniko mpana wa bati haukuondoka karibu na mguu wake. Mafuta yaliyobaki aliyachuja yakiisha kupoa, akayafunika kivulini, maana juani yalichacha. Yakiwa meusi aliyamwaga. M'Ikiara alikuwa amemshauri kuyapaka kwenye jeraha la moto, akakataa, akatumia maji baridi. Kidonda kilipofunga ndipo alipopaka, ngozi ikalainika. Kufuli la kibanda nalo alilipaka, likanata mpaka likavunjwa.

"Sambusa yako haina harufu siku hizi," mteja mmoja alilalamika.

"Na wewe kula, harufu utakuta nyumbani."

Siku ya Ijumaa gari la kutoka Garba Tula lilimshusha Qabale. Hakuwa na kibuyu hata kimoja. Ng'ombe waliisha, alisema, na akakaa chini. Khadijo hakumuuliza zaidi. Alimpa chai, kisha kazi: "Angalia karai, abaayo, dada yangu. Nakwenda kutawadha."

Qabale akaangalia kwa njia aliyoijua. Aliinamisha kichwa, akategea sikio. Mzee Robow alikuwa benchini na kikombe chake. Nilidhani yule mwanamke anasali. Moshi ulipopanda, akasukuma kuni ndani, na ndimi ndogo za moto zikatambaa juu ya mafuta.

Racho alikuwa tayari ameinua birika.

"Racho! Weka chini!"

Khadijo alikuja na mikono inayodondoka maji, akasimama, akaifuta kwenye nguo, ndipo akatelezesha mfuniko juu ya karai kutoka upande wake. Akavuta kuni nje, moja moja. Mzee Robow akanyoosha mkono kutaka kuona ndani.

"Usifunue, Mzee. Ikipata hewa inawaka tena. Wacha ipoe."

"Khadijo, nilisema nini juu ya moto?"

"Umeona paa ikiungua?"

Mzee akatazama mikeka juu. "Hapana."

"Askari wamekuja?"

"Hawajakuja."

"Basi kunywa chai."

Akainywa. Alipoondoka aliagiza awekewe sambusa zake kesho, kama kawaida.

Wateja wengine walitawanyika. Wanawake wawili walikaa kando ya karai lililofunikwa, wakingoja lipoe.

"Nilikuwa nangoja ilie," Qabale akasema.

"Najua. Hata mimi niliingoja."

Walipofunua, mafuta yalikuwa meusi. Khadijo aliyamwaga shimoni, akafuta karai, akatia mengine. Qabale, bila kujua, akainamisha tena sikio. Khadijo akamshika kidevu kwa vidole vyenye unga, akamgeuza uso utazame ndani.