Tembo la Ndundu na Mgema Aliyechelewa

Aliyeniponza ni mjomba wangu, aliyeendesha lori la kusini enzi za pantoni. Kila tukikaa kunywa bia hapa Morogoro, husukuma chupa pembeni na kuanza kukisifu kilabu cha Ndundu, ambako madereva walikuwa wakinywa tembo la mnazi huku wakisubiri zamu ya kuvuka Rufiji. Mwishowe nikajitapa kwamba nitakwenda kulionja mwenyewe, nije niwaeleze nanyi wasomaji kama ni kweli au ni utamu wa ujana wake tu. Siku ya kuondoka nilikaribia kughairi. Mimi ni mwoga wa pombe nisizozijua, na zaidi wa watu wasionijua.

Kibiti nilifika kabla ya adhuhuri, nikapata bodaboda. Dereva, kijana wa Kindengereko aitwaye Shabani, alikuwa mchangamfu mpaka nilipotaja kilabu. Akasema atanishusha konani na kunisubiri hapohapo, kwa kuwa pikipiki yake inajulikana na wajomba zake wote, na wakati huu anaposa. Nilicheka, lakini njia nzima nikawa najiuliza ninakwenda kufanya nini mahali ambapo mwenyeji hataki kuonekana.

Ndundu siku hizi magari hupita darajani bila kupunguza mwendo. Barabara ya zamani ya pantoni inachepuka kuteremkia mtoni, na kilabu kiko kandokando yake: banda la makuti na viti vya magogo ya minazi yaliyolainika kwa kukaliwa. Mwenye kilabu, Mama Felista, alinipokea vizuri akanimiminia tembo la asubuhi. Lilikuwa limeshakuwa kali, linauma ulimi, na nikaanza kumsikitikia mjomba. Mahali penyewe nilipapenda. Redio ilikuwa chini, wanywaji wachache wakibishana kuhusu mpunga na viboko, na hakuna aliyenikodolea macho.

Mama Felista aliniambia nisihukumu bado. Tembo la jioni ndilo tamu, na mumewe, Mzee Kasiani, ambaye ndiye mgema, alikuwa amekwenda kuligema.

Alasiri ilisogea, kivuli cha banda kikarefuka, mgema hakuonekana. Nikauliza, kwa sauti ya mteja aliyetoka mbali, "Mama, mbona mzee kachelewa hivi?"

Mazungumzo yalikatika. Mtu mmoja akazima redio. Fundi baiskeli aliyeketi karibu nami akaninong'oneza kwamba hapa mgema akiwa juu haulizwi. Kumuuliza ni kumwita, na anayeitwa akiwa juu huteremka vibaya. Hata mkewe haulizi. Anangoja tu, na tembo la jioni haliguswi na mtu mpaka mgema mwenyewe afike kwa miguu yake na kunywa kata ya kwanza. Ndipo nilipoelewa kwa nini muda wote ule Mama Felista alikuwa akisuuza kikombe kilekile, macho yakiwa njiani.

Nikamwomba radhi.

"Umeshauliza, mwanangu," alisema. "Basi nenda na hawa mkamtazame."

Shambani tulikwenda karibu kwa kukimbia, mimi, yule fundi na mwenzake mmoja aliyebeba kamba. Wao walitazama juu ya minazi. Mimi nilitazama chini, kwenye majani, nikiogopa nitakachokiona na nikijua lawama zake zitakuwa juu yangu.

Tulimkuta juu. Alikuwa ameukumbatia mnazi chini ya makuti, misuli ya miguu imemkaza, hawezi kupanda wala kushuka. Hakupiga kelele, alitueleza baadaye, asije mkewe akasikia. Fundi alipanda na kamba, akamfunga kiunoni, akawa anamshika mguu mmoja mmoja na kuuweka kwenye vipandio vilivyokatwa shinani. Mimi na mwenzake tulishika kamba chini. Hatukuilegeza mpaka mzee alipokanyaga ardhi.

Kilabuni aliingia kwa miguu yake, kibuyu begani, amekataa kushikwa. Akanywa kata ya kwanza, ya pili akanipa mimi. Lilikuwa tamu kama dafu, lina uchachu kwa mbali, na povu jepesi lililoniwasha puani. Mjomba hakusema uongo.

Mama Felista alikuwa ameshamvua mumewe kotama, kile kisu cha kugemea, akakiviringisha kwenye kanga yake. Akamwambia basi, inatosha, hapandi tena.

"Na hawa kesho watakunywa nini?" mzee aliuliza taratibu.

Mama alitugeukia. Sote tulikuwa na vikombe mkononi, na hakuna aliyekiweka chake chini. Hata mimi sikukiweka. Akakifungua kisu kwenye kanga, akampa.

Wakati wa magharibi tulipita Ikwiriri, watu wakielekea msikitini. Shabani aliniuliza kama lilikuwa tamu kweli, nami nikamwambia ndiyo.

Niliwaahidi hukumu, na hukumu ni hii: sijapata kunywa tembo zuri kama la Ndundu. Nililojifunza ni kuliogopa neno hilo, 'zuri'. Naliandika kwa kusita, kwa sababu najua baadhi yenu mtakwenda, na kila kata mtakayoagiza, Mzee Kasiani ataipandia.